Mkono Uliobaki Mapajani

Mwanangu Raheli,

Tangu Jumapili hujaongea na mimi. Kuniamkia unaniamkia, maana hilo tulikufundisha ungali unatambaa, lakini nikishaitikia marahaba yangu naona mgongo wako. Sasa hivi uko kwa bibi yako unamuaga, na najua utachelewa makusudi ili ukirudi unikute nimeshalala. Basi nimekaa hapa jikoni, mwanga bado upo, nakuandikia.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuficha nauli. Hayo baba yako ameshayasema mpaka kuku wanayajua. Ningeweza kukuambia haya mengine kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaufahamu. Ukifunguka unauliza, na ukiuliza unauliza kama askari aliyekuta mtu na mbuzi usiku. Kalamu angalau inanilazimisha kujibu.

Unajua nilivyo. Miaka yote ninayonunua alizeti hapa Ulemo sijawahi kulipia gunia kabla ya kuzamisha mkono mpaka chini, maana juu kila mtu anaweka punje nzuri. Kuku nampulizia manyoya nione ngozi. Maziwa nayaonja mbele ya mwenyewe, akasirike asikasirike. Baba yako husema hata malaika angenijia na habari njema ningemwomba kitambulisho, na mimi humjibu kwamba malaika wa kweli angekuwa nacho.

Na kanisani kwetu tabia hiyo ilinifaa sana, nakuambia ukweli. Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia. Mchungaji akihubiri, kila mtu ana Biblia yake mapajani anafuata, na akikosea, mama muuza vitumbua ana haki ya kumngoja mlangoni na kumuuliza. Nimewangoja wengi. Nilikuwa nawapenda wale watu wa Beroya waliomsikia Paulo mwenyewe, mtume mzima, na bado wakaenda nyumbani kuchunguza kama anayosema yamo katika Maandiko. Nilikuwa nawafundisha wanawake kila mara: tuwe Waberoya. Na wao walinicheka wakasema Mama Raheli alizaliwa hukohuko Beroya.

Sasa tuje kwenye Jumapili, kwa sababu najua ukiniangalia huoni kitu kingine.

Baada ya ibada wageni walitoka, wakabaki washirika kwa kikao. Ulisimama mbele na gauni lako la kijani, peke yako. Unajua utaratibu wetu: anayetaka kubatizwa anaeleza mwenyewe jinsi alivyoamini, washirika wanamuuliza, kisha wanapandisha mikono. Na kwetu hapa wazee waliweka kwamba mikono yote iende juu. Mmoja ukibaki chini, mtu anangoja kikao kingine, hata kama ni baada ya miezi. Waliweka hivyo ili mtu asizamishwe kwa ushabiki, kwa sababu ubatizo hauokoi mtu. Unatangaza kwamba ameshaokoka. Asiyeamini akizamishwa amelowa tu, anarudi nyumbani kukauka.

Ulisema maneno machache. Ulisema zamani ulikuwa unaimba kwaya kwa sababu sauti unayo, na siku hizi unaogopa kuimba kitu usichokiamini, na kwamba unaamini Yesu alikufa kwa ajili yako. Ukakwama hapo. Mchungaji akangoja, akaona huna zaidi, akauliza kama kuna mshirika mwenye swali.

Nikasimama. Baba yako alinivuta kitenge, nikakitoa mkononi mwake.

Nilikuwa nimebeba swali hilo tangu Pasaka, tangu kwaya ya Manyoni ilipokuja na yule Yona anayepiga kinanda. Nilikuona ulivyomwekea mlenda, ukamchagulia na bakuli lisilo na ufa. Tangu siku ile simu yako inalala chini ya mto. Mara umechaguliwa chuo cha ualimu, na chuo chenyewe kiko wapi? Manyoni. Mara unataka kubatizwa, na haraka, kabla hujaondoka. Na kila mtu anajua kwamba mchungaji wetu hafungishi ndoa ya mshirika na asiyebatizwa. Nikaunganisha mambo. Nikasema mbele ya watu wote:

"Raheli, kama Yona asingekuwa Manyoni, ungeomba maji leo?"

Nje kuku wa mchungaji walikuwa wanaparua. Ulinitazama. Kisha ukasema, "Sijui, mama."

Mikono ilipanda. Wa baba yako ulipanda. Wa Mzee Mkumbo, shemasi, ulipanda ukitetemeka kwa uzee. Wangu ulibaki mapajani. Mchungaji alihesabu, akaniangalia kama anayenipa nafasi ya pili, na mimi nikaangalia dirisha. Akasema basi Raheli atangoja. Ukaenda kukaa, na tangu hapo ndio naona mgongo.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, mwanangu. Sikufichi. Nilisema moyoni, nimemkamata. Nilifurahi mpaka nilipokuwa nasonga ugali, na lile jibu lako likanirudia. Sijui, mama. Nikaacha kusonga. Ugali ule mliukula una madonge.

Kwa sababu swali lile halikuwa langu, Raheli. Niliwahi kuulizwa mimi.

Kwetu, kama unavyojua, walikuwa kanisa linalobatiza watoto wachanga. Nilitiwa matone kichwani nikiwa nimelala mikononi mwa nyanya yangu. Nilipompata baba yako, babu yako alikuwa shemasi, mtu mkali, na alisema wazi kwamba binti ambaye hajabatizwa kwa maji mengi haingii nyumbani mwake kama mke wa mwanawe. Alikuwa na haki yake. Kwa imani yake matone yale hayakuwa ubatizo, kwa sababu mtoto mchanga haamini kitu. Mimi nilimtaka mwanawe. Nikaingia darasa la ubatizo, nikasoma kuliko wote. Wokovu ni kwa neema, nikajua aya zake. Meza ya Bwana ni ukumbusho, nikajua. Mwamini wa kweli hapokonywi mkononi mwa Bwana, nikajua mpaka ukurasa uko upande gani.

Siku ya kikao nilisimama mbele kama ulivyosimama. Nilizungumza vizuri, watu wakaitikia kwa vichwa, mama mmoja akafuta machozi. Kisha mzee mmoja akaniuliza swali lilelile: kama huyu kijana asingekuwepo, binti, ungekuja kwetu? Nikajibu papo hapo, bila kumeza mate, "Ningekuja, baba." Nilijua ni uongo. Sikuwa na shaka hata kidogo. Mikono yote ikapanda.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi kama sasa, lambo limepungua, maji hayafiki hata kiunoni na ng'ombe wamekoroga tope. Mchungaji wa wakati ule alinilaza kwa shida, kiwiko changu kikabaki nje, na wanawake walinitania miaka na miaka kwamba Mama Raheli ana kiwiko kisichookoka. Nilicheka nao. Nilikuwa najua kwamba siku ile maji hayakumkuta mwamini, si kiwiko wala kichwa.

Sasa unaelewa kwa nini siwaamini watu wanaosema vizuri? Namwangalia mtu anashuhudia, machozi yanamtoka, na mimi namtafuta yule binti wa lamboni ndani yake. Nilidhani macho yangu makali ni kipawa. Ni woga tu wa mtu aliyewahi kupitisha bidhaa mbovu, anadhani kila gunia limefanyiwa hivyo.

Utauliza, basi mama, huamini kabisa? Naamini. Nikueleze ilivyokuja, maana hilo nalo sijamwambia mtu.

Ulikuwa darasa la pili. Alipita mhubiri mmoja na gari lenye spika, akaweka kambi karibu na mnada, anauza mafuta kwenye vichupa vidogo. Paka mlangoni, paka kwenye mbegu, paka tumboni upate mtoto. Majirani zetu walinunua, hata washirika wetu wawili. Nikawaka. Nikachukua Biblia nikaenda nayo shambani, nikipumzika kupalilia nasoma, natafuta silaha za kumpiga nazo. Nikapata nyingi. Nikafika pale Petro anapomkemea Simoni, yule mchawi aliyetaka kununua kwa fedha kitu ambacho Mungu anakitoa bure. Nikasema, haya, huyu nimempata. Na nilipokuwa natafuta maneno ya kwenda kumwambia, nikaona kwamba nampata mwingine. Yule bwana aliuza neema kwa chupa. Mimi nilinunua mume kwa maji ya lambo. Nikakaa kwenye tuta na jembe langu, nikalia kwa sauti, na nikamwomba Mungu anisamehe kama mtu anayeanza, bila aya hata moja niliyokariri. Nadhani siku ile ndiyo niliyoamini. Nasema nadhani, kwa sababu tabia yangu unaijua, hata moyo wangu huwa naupulizia manyoya.

Ningekwenda kwa mchungaji kesho yake ningekuwa nimemaliza. Lakini tayari nilikuwa mwalimu wa darasa la wanawake. Ningesemaje? Kwamba anayewafundisha ubatizo hajabatizwa? Kwamba amelowa tu? Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno mengi yamepita. Nimekula Meza ya Bwana, nimepandisha mkono kuwapitisha watu na kuwazuia watu, na kila mara nilikuwa najua.

Basi leo mchana, wakati wewe unapiga pasi nguo zako, nilikwenda. Nilimkuta mchungaji anaziba banda la kuku, misumari mdomoni. Nikamwambia yote nimesimama, maana ningekaa ningegeuza habari. Alitoa misumari mmoja mmoja. Akamtuma mtoto kumwita Mzee Mkumbo na baba yako, kwa kuwa ndio mashemasi.

Baba yako alipofika nilitamani ardhi ipasuke. Nilirudia yote mbele yake. Nilidhani atakasirika, mtu umwambie baada ya miaka yote kwamba mlianza na uongo. Akakuna kichwa.

"Nilijua," akasema. "Siku ile mchungaji alikuuliza unamwamini nani, ukaniangalia mimi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nakutaka."

Mchungaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona jambo lilikoelekea. Akaniuliza kama naelewa ninachosema. Kama ule haukuwa ubatizo wa mwamini, basi mimi si mshirika, na sijawahi kuwa. Nikamwambia naelewa. Darasa la wanawake nimeshaliacha, Meza ya Bwana sitaigusa mpaka nibatizwe. Akasema, "Basi na mkono wa Jumapili..." akaishia hapo.

Mkono wa Jumapili haukuwa mkono wa mshirika, Raheli. Ulikuwa mkono wa mgeni aliyesahau kutoka nje. Washirika wote walipandisha, kwa hiyo ulipita.

Mzee Mkumbo hakufurahi. Alinikazia macho yake yale yenye ukungu, akaniuliza, "Mama Raheli, huu si ujanja wa kumpitishia mtoto kabla ya basi?"

Mwanangu, nilitafuta kitu cha kumwonyesha. Hakuna. Ningelia, angesema nalia kwa ufundi. Ningeapa, sisi hatuapi. Moyo wangu ulikuwa safi saa ile kuliko siku zote, na sikuwa na njia ya kuupasua ili mzee aingize mkono mpaka chini. Nikajua ulivyosimama pale mbele na gauni lako. Nikajua nilikufanyia nini. Nilitaka kitu ambacho hakuna binadamu anaweza kukitoa, na wewe ukanipa ulichokuwa nacho, ukasema hujui. Mimi nilijua nikadanganya, nikapita. Wewe hukujua ukasema hivyo, nikakuzuia.

Nilimwambia Mzee Mkumbo, "Hata mimi ningeuliza hivyo." Akasema ushuhuda wangu atausikiliza kwenye kikao, kama wa mtu mwingine yeyote, na mkono wake hauahidi kitu. Amesema sawa. Nitasimama mbele na umri huu, mbele ya wanawake niliowafundisha, na huenda mmoja akaacha mkono mapajani. Nikiambiwa ningoje, nitangoja. Naogopa, lakini nitasimama.

Nisikupe mahubiri, hujayaomba. Ila huko uendako utakutana na wengi wanaosema vizuri, na Manyoni ni mji wa njia panda, kila mwenye spika anapita hapo. Chunguza. Hilo sikuondolei. Anayekukataza kufungua Biblia wakati yeye anasema, mkimbie hata kama ana suti. Lakini nimerudia ile habari ya Beroya jana, na kuna nusu nilikuwa naipita kila mwaka nikifundisha. Wale watu kwanza walilipokea neno kwa moyo uliotaka liwe kweli, ndipo wakachunguza. Mimi nilichunguza nikitaka kukuta wizi. Mtu akitafuta wizi haukosi, hata kwa mtoto wake, hata kwenye bakuli lisilo na ufa.

Kuhusu Yona bado sina raha naye. Kijana anayecheka kabla hujamaliza kusema nampa muda. Lakini hilo ni la kwangu na kinanda chake, halihusiani na maji yako. Na kama Mungu alimtumia Yona kukuamsha, amewahi kusema hata kwa mdomo wa punda.

Sasa sikiliza. Mchungaji amesema kesho alfajiri atakuwa lamboni. Mzee Mkumbo atakuja na fimbo yake, na baba yako, na wachache walio karibu. Mchungaji alishuka jioni kupima, anasema upande wa mawe maji yanafika kiunoni, utazama wote, viwiko na kila kitu. Basi la Singida linapita barabarani saa mbili, muda unatosha. Lakini hakuna aliyekuamulia. Kama bado hujui, panda basi. Utabatizwa siku utakayojua, Manyoni au hapa au popote penye maji, na hakuna atakayekunung'unikia, mimi wa mwisho kabisa. Yule towashi wa Kushi alipoona maji njiani aliuliza kuna kitu gani cha kumzuia asibatizwe. Kwako kilichokuzuia kilikuwa mama yako, na nimeshakitoa njiani.

Nitakuwepo. Nitasimama ukingoni pamoja na watoto na wale ambao hawajabatizwa, ndio mahali pangu kwa sasa. Kura sina.

Nimeweka kanga kavu juu ya begi lako. Ukiamka ukaiacha hapohapo, nitakubebea begi mpaka barabarani. Ukiichukua, nipe begi nilishike. Sitauliza kitu.

Mama yako